Laivu ya mashabiki kutoka Kigoma: maswali mnayotuuliza kila siku ya mechi

Kila mechi, kabla hata mwamuzi hajapuliza kipenga, sehemu ya maoni inajaa maswali yaleyale, na mimi nikianza kuyajibu napitwa na kikosi. Ndiyo maana nimekaa nikaandika haya. Tupo Mwanga, Kigoma, kwenye chumba cha nyuma cha kibanda umiza: watu watatu, simu mbili, maiki moja, na feni tunayoizima tukianza kwa sababu inanguruma kuliko mtangazaji. Tunatazama mpira, tunaongea, ninyi mnatusikia na kutujibu. Maswali sijayapanga. Nimeyaweka yalivyonijia.

Mbona hamuonyeshi mpira wenyewe?

Hili ndilo linaongoza, na mara nyingi huja limeambatana na tusi.

Hatuonyeshi kwa sababu picha si yetu. Haki za kuonyesha Ligi Kuu ya Tanzania Bara zina mwenyewe: Azam Media walisaini na TFF, shirikisho la soka nchini, mwaka 2021 mkataba wa miaka 10 wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Mtu aliyetoa fedha hiyo hawezi kukaa anakuangalia umeielekezea simu tivii ukawarushia watu elfu mbili bure. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 iko upande wake, na mitandao yenyewe haikusubiri polisi. YouTube inalinganisha picha na sauti unayorusha na ile waliyoiweka wenye haki. Ikifanana, laivu inakatwa katikati, na maonyo matatu ndani ya siku 90 yanatosha kuifuta chaneli yote.

Kwa hiyo kwetu mnaona nyuso. Dada mmoja wa Kasulu aliwahi kutuandikia kwamba anajua kona imepigwa vibaya kwa jinsi mwenzetu anavyoshika kichwa kabla hajasema neno.

Sasa mtu aangalie watu wanaoangalia mpira ili iweje?

Nami nikuulize: kibanda umiza ulikuwa unafuata nini? Skrini? Skrini yenyewe tunaijua. Kibanda nilichokulia mimi kilikuwa na tivii ya mgongo mrefu juu ya meza, imefungwa mnyororo, na ukikaa benchi la nne ulikuwa unaona rangi za jezi tu, namba unakisia. Kuta za turubai, joto la kupika ugali, kiingilio shilingi mia mbili. Nyumbani kulikuwa na redio, matokeo ningeyapata bure nimelala. Lakini nilikwenda, kwa sababu benchi la mbele alikuwa anakaa mzee mmoja mvuvi wa Kibirizi ambaye kila mchezaji alimpa jina la samaki. Winga mwepesi alikuwa dagaa. Beki mzito alikuwa kuhe. Mshambuliaji anayeteleza mikononi mwa mabeki alikuwa mgebuka. Mpaka leo nikiona winga anakimbia kichwa chini, nasikia sauti ya yule mzee.

Laivu ni kibanda kile kile kimehamia kwenye simu, mabenchi yametolewa. Unaweza kuwa umelala kitandani Mpanda, au uko lindoni Dodoma, au umeolewa kwenye nyumba ambayo hakuna hata mmoja anayejua ofusaidi ni nini. Mpira unaupata kwa njia yako, king'amuzi au redio. Sisi tunakupa watu wa kubishana nao.

Hii kitu mmeiga wapi?

Kijiweni. Ila nakubali kwamba wapo waliotangulia kuifanya biashara, na inafaa mjue, maana vijana wengi wanadhani imeanza juzi TikTok.

Robbie Lyle wa London alianzisha AFTV mwaka 2012. Wazo lilikuwa rahisi hadi linaudhi: anasimama na kamera nje ya uwanja wa Arsenal baada ya mechi, anawapa maiki mashabiki waseme. Arsenal ikifungwa, chaneli inashiba. Baadaye wakaja wakina Mark Goldbridge wa The United Stand, anayekaa mbele ya kamera dakika zote tisini akiitazama Manchester United kwa niaba yako na kupandwa na presha kwa niaba yako.

Wote hao walikuwa kama sisi, hawana picha. Mlango ulifunguka Agosti 2021. Messi alipocheza mechi yake ya kwanza PSG, ugenini kwa Reims, Mhispania mmoja anayeitwa Ibai Llanos aliionyesha mubashara kwenye chaneli yake ya Twitch, mtandao wa laivu, kwa haki halali zilizopatikana kupitia kampuni ya Gerard Piqué, beki wa Barcelona wakati huo. Kijana wa laivu, mechi kamili, hakuna tai shingoni. Mwaka uliofuata Brazil ikapiga hatua ndefu zaidi: Casimiro Miguel, ambaye wenzake wanamwita Cazé, alionyesha mechi za Kombe la Dunia la Qatar kwenye YouTube, na siku Brazil ilipotolewa na Kroatia zaidi ya vifaa milioni 6 vilikuwa vimeunganishwa kwake kwa wakati mmoja. Na msimu wa 2025/26 Bundesliga nayo ikampa Goldbridge mechi za Ijumaa usiku azionyeshe Uingereza kwenye YouTube, bure. Yaani yule mpiga kelele aliyekuwa hana picha, sasa anapelekewa picha nyumbani.

Sisi tulianza 2022 kwenye Spaces, vile vyumba vya maongezi vya mtandao wa X, sauti tupu. X ilipozuiwa nchini Mei 2025 tukabaki tunaongea na walioko nje tu, ndipo tukahamia TikTok na YouTube.

Mnapiga kelele za goli kabla sisi hatujaliona. Mnatuharibia!

Samahanini. Hili nalieleza kwa kirefu, maana ndilo limenikosesha marafiki.

Goli la Simba au Yanga huwa linafika Mwanga kwa awamu. Kwanza utasikia bodaboda waliokaa na redio pale kona wanaruka. Sekunde chache baadaye nyumba zenye dishi zinapiga kelele. Unatulia, unadhani yamekwisha, kisha kwa mbali kabisa kijana aliyekuwa anaangalia kwa simu gizani anaanza kushangilia peke yake, wakati huko uwanjani wameshaanzisha mpira.

Sababu ni hii. Redio ya kawaida inakufikia karibu palepale. Dishi linachelewa: picha inapanda hadi setilaiti iliyoko kilomita karibu 36,000 juu ya ikweta na kushuka tena. Safari hiyo yenyewe ni kama robo sekunde, lakini kabla yake picha imebanwa, na ikifika king'amuzi lazima kiifungue, hapo sekunde kadhaa zimeliwa. Kwenye programu ya simu ni habari nyingine. Picha inakatwa vipande vipande, kila kimoja sekunde chache, tuseme sita. Simu haianzi kukuonyesha mpaka iwe na akiba ya vipande kama vitatu, ili mtandao ukiyumba usione picha imeganda. Vitatu mara sita ni 18. Ongeza muda wa kubana na wa kusafirisha, unakaribia nusu dakika. Kwenye mpira nusu dakika ni kona kupigwa, kuokolewa, shambulizi la kushtukiza, na mtu ameshavua jezi ana kadi ya njano.

Mechi ikichezwa hapa hapa kwenye uwanja wetu wa Lake Tanganyika ndiyo utachoka kabisa. Sauti inasafiri kama mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo aliyeko kilomita mbili kutoka uwanjani anapata kelele za mashabiki baada ya sekunde sita, zimepita juu ya mabati bila bando, huku simu yake ya mkononi bado inamwonyesha golikipa anaweka mpira chini.

Sisi tunatazama kwa dishi. Zamani tulichagua ucheleweshaji mdogo kabisa kwenye mipangilio ya YouTube, tukajiona wajanja. Matokeo yake wote wanaotazama kwa simu tukawa tunawatangazia magoli ya kesho. Sasa tumerudisha ucheleweshaji wa kawaida. Hasara yake: ukiandika "ile si ilikuwa penati?" sisi tuko kwenye tukio jingine kabisa, na tukikujibu wewe umeshasahau umeuliza nini. Hakuna namna ya kupata vyote viwili, tumejaribu.

Basi nifanyeje ili tuende sawa?

Kila baada ya muda mmoja wetu anasema kwa sauti saa ya kwenye skrini: "Kwetu ni dakika ya 12 na sekunde 40." Angalia ya kwako. Kama mpira wako uko nyuma yetu, sitisha laivu yetu YouTube, subiri mpira wako ufike 12:40, kisha uiachie. Kama uko mbele yetu, sitisha tivii kama king'amuzi chako kinakubali. Kisipokubali, basi wewe siku hiyo ni nabii, na tunakuomba unabii wako ukae nao moyoni, usiuandike kwenye maoni.

TikTok haina ujanja huo. Ukisitisha, ukirudi inakurusha mbele.

Bando linaisha kabla ya mapumziko.

Unatazama video. Hesabu ziko hivi: video ya ubora wa kati, megabiti moja kwa sekunde, inakula kama MB 450 kwa saa. Mechi pamoja na mapumziko na maneno yetu ya mwisho ni saa mbili, hiyo ni MB 900. Sauti tupu ya kilobiti 64 kwa sekunde inakula kama MB 29 kwa saa, yaani mechi nzima haifiki MB 60. Ndiyo maana tuna kundi la Telegram la sauti tupu. Kama lazima utuone nyuso, YouTube ishushe hadi 144p. Tutaonekana kama tumechorwa kwa mkaa, ila hatujawahi kuwa wazuri kiasi hicho cha kukulia bando.

Mashujaa wakicheza nyumbani ndipo mnapokuwa wazuri. Kwa nini?

Kwa sababu hapo hakuna anayetuzidi. Mechi ya Liverpool ina wachambuzi wa dunia nzima. Mechi ya Mashujaa, timu yetu ya hapa Kigoma, ina sisi.

Wageni huwa wanadhani mapenzi haya yameanza timu ilipopanda Ligi Kuu msimu wa 2023/24. Muulize shabiki wa Simba kuhusu tarehe 26 Desemba 2018. Mashujaa, timu ya daraja la chini kutoka mwisho wa reli, ilikwenda Dar es Salaam ikaifunga Simba 3-2 na kuitoa kwenye Kombe la Shirikisho. Halafu Aprili 2024 Simba wakaja wenyewe Kigoma, kombe lilelile, sare ya 1-1, penati 6-5, wakarudi na mabegi yao.

Siku hiyo ya penati mimi nilikuwa uwanjani na wenzangu wawili walibaki kwenye laivu. Walikuwa wamefungua dirisha kwa sababu ya joto. Mnaweza kwenda kusikiliza wenyewe: kwenye penati ya mwisho unasikia kelele zikiingia dirishani, mwenzetu, kama walivyonisimulia, anageuza shingo, anatazama dirisha, anatazama tivii ambako mpigaji ndiyo kwanza anarudi nyuma kuchukua nafasi, na anasema taratibu, "Jamani, nadhani tumeshinda." Watu wameiomba ile sehemu kuliko uchambuzi wote tuliowahi kufanya.

Tena Kigoma si wageni wa mechi kubwa. Fainali ya kombe hilo, Julai 25, 2021, ilichezwa Lake Tanganyika, Simba na Yanga, goli moja la Taddeo Lwanga. Hatukuwa na laivu wakati huo na bado inaniuma.

Nyie ni Simba au Yanga?

Mmoja Simba, mmoja Yanga, mmoja anasema ni Mashujaa tu na hakuna anayemwamini. Utani wa Makolo (Simba) na Utopolo (Yanga) unaruhusiwa saa zote.

Mbona maoni yangu yamefutwa?

Umefanya moja kati ya haya. Umetukana mama wa mtu. Umetaja kabila la mchezaji. Umeweka kiungo cha "mechi bure HD", ambacho kikibofywa kinafungua mambo mengine kabisa, na wengine humu wanatumia simu za wazazi. Au umeuza mkeka wa kubeti.

Hilo la mikeka naona linahitaji maneno zaidi. Kubeti kwa aliyefikisha miaka 18 kunaruhusiwa kisheria na sina neno na pesa ya mtu. Lakini laivu za mashabiki ndipo matapeli walipohamia. Anaingia dakika ya 30 na jina lenye picha ya kombe, anaandika ana "mechi za uhakika", tuma elfu kumi upate odi ishirini. Kama angekuwa na uhakika asingekuwa kwenye laivu yetu anaomba elfu kumi. Mkeka wako ukichanika ukiwa umeupanga mwenyewe, pole, tutakucheka kidogo tuendelee. Ukichanika ukiwa umeununua humu kwetu, lawama ni yetu, na ndiyo maana tunafuta.

Yule dada anayechambua, anajua mpira kweli?

Swali hili hatulijibu tena. Msikilize dakika kumi.

Kura mnazopigisha zinafanya kazi gani?

Zetu? Zinatupa cha kubishania. Mchezaji bora wa mechi, nani atoke, kadi ilistahili au haikustahili. Kocha hazisomi, na nashukuru Mungu hazisomi, maana mngekuwa mmeshamtoa golikipa mara tatu katika mechi moja.

Wapo waliolipeleka jambo hili mbali zaidi. Piqué huyohuyo alianzisha Kings League, ikaanza kuchezwa Barcelona Januari 2023: watu saba kila upande, marais wa timu ni watu wa laivu, na baadhi ya kanuni zilipitishwa kwa kura za mashabiki mtandaoni. Fainali ya Machi ilijaza zaidi ya watu 90,000 Camp Nou. Vijana wanaipenda. Mimi nikiitazama najisikia kama niko kwenye harusi ambayo MC hanyamazi. Labda ni umri.

Mnalipwa?

Kidogo. Mawaridi ya TikTok mnayotutupia ni sarafu moja moja, na mtandao unabaki na karibu nusu kabla hayajatufikia. Kwenye YouTube, ukilipia maoni yako yapande juu, huduma waliyoianzisha 2017, asilimia 70 inakuja kwetu. Mwenye kibanda tunampa elfu tano kwa mechi, kuna bando, kuna soda. Ikibaki chochote mwisho wa mwezi tunanunua migebuka ya kuchoma pale nje, tunakula, hesabu inafungwa.

Msitume pesa kwa namba yoyote mtakayopewa kwenye maoni kwa jina letu. Hatuna namba tunayoitoa huko.

Nataka kuanzisha yangu. Nianzie wapi?

Anza na marafiki wawili mnaobishana vizuri. Vifaa vinanunulika, hao hawanunuliki.

TikTok kwa kawaida inataka wafuasi 1,000 na umri wa miaka 18 ndipo ikufungulie laivu. YouTube inataka akaunti iliyothibitishwa kwa namba ya simu, kisha usubiri hadi saa 24, na ukitaka kurusha kwa simu uwe na wafuasi 50. Umri ni kuanzia miaka 16. Kabla hujaanza kuingiza hela, pita ofisi ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, uulize chaneli yako inaangukia wapi. Kuna kanuni za maudhui mtandaoni za 2020, zikarekebishwa 2022, na ni bora uulize mapema kuliko kuulizwa.

Maiki ya waya ya bei ya chini ni bora kuliko simu ya laki nane isiyo na maiki. Pawabenki lazima. Umeme wa Kigoma si ule wa enzi za jenereta za dizeli, lakini umeme una tabia ya kukatika dakika ya 85.

Na hili liandike ukutani: zima sauti ya tivii. Kabisa, si kupunguza. Msimu uliopita, mechi ya usiku, tuliona kimya kimezidi tukaiachia sauti ya mtangazaji kidogo kwa mbali, tupate ladha. Dakika ya 20 laivu ikakatwa na onyo la hakimiliki likaingia. Watu mia sita walikuwa ndani. Nilijaribu kueleza kwamba picha hatukuonyesha. Mashine haikuuliza habari ya picha, ilisikia sauti inayoijua, ikafanya kazi yake. Tangu siku hiyo sisi huvaa spika za masikioni, sikio moja tu, la pili la kusikilizana.

Kuna watu wanaandika Kiswahili cha ajabu kwenye maoni. Ni akina nani?

Ni majirani. Ziwa lina kingo nyingi: tuna watu wa Kalemie, wa Uvira, wa Bujumbura. Mwenzetu wa Kalemie goli likiingia anaandika "iko bien sana!" na sasa hata sisi tunasema hivyo. Wengi walianza kuifuata ligi yetu kwa sababu ya wachezaji wa Kongo. Fiston Mayele alipokuwa Yanga, nusu ya maoni ilikuwa inatoka ng'ambo. Fainali ya Shirikisho Afrika ya 2023, Yanga ilipofungwa 2-1 Dar es Salaam na USM Alger kisha ikaenda kushinda 1-0 Algiers na bado ikakosa kombe kwa goli la ugenini, aliyelia kwa sauti kwenye laivu ya wenzetu hakuwa Mtanzania. Alikuwa kijana wa Uvira, kwenye maiki ya simu, na kwa dakika nzima hakuna aliyemkatisha.

Ukiona neno hulielewi, uliza kwa adabu. Nao wanatushangaa sisi.

Mechi za usiku wa manane mnarusha?

Tunachagua. Kombe la Dunia la 2026, la Marekani, Kanada na Meksiko, lina mechi 104, na inayoanza saa tatu usiku New York kwetu ni saa kumi alfajiri. Kibanda hakifunguliwi saa hiyo, na hakuna mama atakayekuruhusu utoke Bangwe kuja Mwanga gizani kuangalia mpira. Hapo ndipo laivu inapolipa kuliko kibanda. Lakini sisi pia tuna kazi asubuhi, mmoja anashusha mizigo bandarini. Tutatangaza zipi.

Umeme ukikatika au mkipotea hewani?

Subirini dakika tano. Tunahamia kwenye simu ya pili. Tukizidisha kumi, nendeni Telegram. Tukizidisha ishirini, ni mtandao, na hapo hata sisi tupo nje tumeinua simu juu kama wote.

Nina kibanda changu Ujiji. Naweza kuweka sauti yenu kwenye spika badala ya mtangazaji?

Wewe ukiwa umelipia king'amuzi chako na una ruhusa ya kuonyesha, upande wetu hatuna pingamizi, sauti yetu chukua. Ila jua kwamba tivii yako itatutangulia. Kuna mzee tayari anafanya hivyo huko huko Ujiji: picha ya dishi, sauti yetu kwenye spika kubwa mbili. Goli linaingia, kibanda kinalipuka. Wanakaa chini, wanafuta jasho, mtu ananunua karanga. Kisha sisi tunafika kwenye spika tukipiga kelele kama tumechomwa moto, na kibanda kinasimama tena upya. Mzee anasema wateja wake wanapata goli mara mbili kwa kiingilio kimoja, na hajasikia mtu akidai chenji.